Aliyeketi Katikati ya Ukumbi

Msichana aliyenyoosha mkono kutoka safu ya nne alisubiri muda mrefu kabla ya kupewa kipaza sauti, na alipokipata alisema jambo lake kwa sentensi chache tu. Alikuwa amepiga simu kuulizia chumba cha kupanga, akaambiwa kipo na aje akione siku hiyohiyo. Alipofika na kutaja jina lake, chumba kikawa kimeshapata mtu. Jioni alimwomba rafiki yake, ambaye jina lake halifanani na la kwao, apige namba ileile, na chumba kikawa kipo tena. Swali lake lilikuwa hili: niende wapi, na nikifika huko niseme nini?

Mhadhiri, mtu msomi na mwenye nia njema, alimshukuru kwa swali zuri. Kisha akaeleza kwa kirefu kwamba ubaguzi ni ugonjwa wa moyo, kwamba sote tumeumbwa sawa, na kwamba tangu 1948, kwa Tamko la Haki za Binadamu, dunia nzima ilikwisha kubaliana kuhusu hadhi ya kila binadamu. Ukumbi ukapiga makofi. Msichana akakaa, na kipaza sauti kikaenda kwa mtu mwingine aliyekuwa na dukuduku lake.

Nimehudhuria mihadhara mingi ya namna hii, mara nyingine nikiwa msikilizaji na mara nyingine nikiwa miongoni mwa wanaokaa kwenye meza ya mbele, na sina haki ya kumcheka mhadhiri yule, kwa kuwa jibu lake nimewahi kulitoa mimi mwenyewe. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza mihadhara ya kupinga ubaguzi humlenga nani hasa. Mbaguzi haji; na akija, hukaa kwa utulivu kabisa akiamini kwamba anayesemwa ni mwingine, maana nyani haoni kundule. Aliyebaguliwa naye hahitaji kuelezwa kwamba ubaguzi upo. Anabaki mtu wa tatu, yule ambaye hachukii mtu wala hajawahi kuchukiwa sana, aliyekuja kwa sababu alialikwa au kwa sababu alikuwa na nafasi. Hoja yangu ni kwamba mtu huyo ndiye mwenye mhadhara, na kwamba karibu kila tunachokifanya jukwaani hukifanya kana kwamba hayupo.

Mhadhara wa kawaida umejengwa juu ya dhana isiyotajwa: kwamba ubaguzi ni ujinga, na kwa hiyo dawa yake ni maelezo. Dhana hii inapendeza kwa sababu inampa mhadhiri kazi. Historia, hata hivyo, haiiungi mkono. Julius Streicher, Mnazi wa Ujerumani aliyenyongwa Oktoba 1946 baada ya kesi za Nuremberg kwa sababu ya miaka mingi ya kuchapisha chuki dhidi ya Wayahudi, alikuwa mwalimu wa shule kwa taaluma. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio ya RTLM iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, alikuwa mwanahistoria na mhadhiri wa chuo kikuu. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha, adhabu ambayo rufaa ya mwaka 2007 iliipunguza hadi miaka 30. Watu hawa hawakupungukiwa na elimu. Walikuwa nayo ya kutosha kuipa chuki tarehe, ramani na lugha fasaha. Kama kusoma peke yake kungekuwa kinga, wao ndio wangekuwa wa kwanza kukingika.

Yapo pia majaribio yanayoonyesha jinsi mgawanyiko usivyohitaji sababu yoyote ya maana ili uote mizizi. Mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyenusurika Vita Kuu ya Pili akiwa mfungwa wa kivita huku familia yake ikiteketezwa, aliwaweka vijana wa shule katika jiji la Bristol, Uingereza, kwenye makundi mawili. Aliwaambia kwamba amewagawa kwa kufuata ni mchoraji gani waliyempenda zaidi, Klee au Kandinsky, ingawa kwa kweli aligawa kwa bahati nasibu. Kisha akawapa nafasi ya kugawa alama zenye thamani ya fedha kwa wenzao ambao hawakuwaona wala kuwajua majina. Vijana wale waliwapendelea wa kundi lao. Zaidi ya hapo, mara nyingi walichagua mgawanyo ulioliacha kundi lao na alama pungufu kuliko ambavyo lingeweza kupata, mradi tu pengo kati yao na wale wengine liwe kubwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1970, na kila ninapoyasoma huwa najiuliza mhadhiri angewaambia nini vijana hao. Hapakuwa na historia ya kusahihisha, wala uvumi wa kukanusha, wala mila ya kuelezea. Palikuwa na majina mawili ya wachoraji, na hayo yalitosha.

Narudi kwenye ukumbi ule. Mhadhara ulipokwisha tulisimama nje, kama watu wanavyosimama wasipotaka kuwa wa kwanza kuondoka, na nikazungumza na mwanamume aliyekuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu. Kazi yake ni udalali wa nyumba.

“Yule binti anasema kweli,” aliniambia bila kuulizwa. “Hata mimi siwapeleki watu wa kwao. Sina tatizo nao kabisa, ila wenye nyumba hawawataki.”

Nikamwuliza ni wenye nyumba wangapi waliowahi kumwambia hivyo.

Alifikiri kidogo. “Huwa hawasemi,” akajibu. “Inajulikana.”

Sijawahi kusikia maelezo mafupi kuliko hayo ya namna ubaguzi wa kila siku unavyofanya kazi. Litazame neno lenyewe. Katika sarufi yetu kauli ya namna hii haimhitaji mtenda: chombo kimevunjika, mlango umefunguka, jambo linajulikana, na hakuna anayelazimika kusema ni nani aliyevunja, aliyefungua au anayejua. Dalali hana chuki na hajidai kuwa nayo. Mwenye nyumba huenda naye hana, au anayo kidogo tu, kiasi ambacho angeona haya kukitamka. Lakini kila mmoja anatenda kwa kufuata kile anachodhani mwenzake anakitaka, na mwisho wa mlolongo huo wa dhana amesimama msichana mlangoni, anaambiwa chumba kimeshapata mtu.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi kinachopaswa kuguswa na mhadhara ni hicho kinachoitwa “inajulikana”, na ushahidi kwamba kinagusika upo. Mwaka 2009 mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichapisha matokeo ya jaribio la mwaka mzima alilolifanya Rwanda, nchi ambayo redio ilikuwa imetumika kusoma majina ya watu wa kuuawa. Baadhi ya jamii zilisikiliza kwa vikundi mchezo wa redio uitwao Musekeweya, uliotungwa kwa makusudi ya kupinga chuki na kuhimiza maridhiano. Jamii nyingine, kwa ajili ya ulinganisho, zilisikiliza mchezo kuhusu afya. Ilipopimwa mioyo ya wasikilizaji, yaani yale wanayoyaamini wao wenyewe, mabadiliko yalikuwa haba. Kilichobadilika ni picha waliyokuwa nayo kuhusu kile ambacho watu wa jamii yao wanakikubali na kukitenda, na pamoja na picha hiyo ikabadilika tabia. Vikundi vilipoachiwa redio ya kaseti na betri za kutumia kwa pamoja, wale waliosikiliza mchezo wa maridhiano walithubutu zaidi kupingana waziwazi na kujadiliana nani aitunze, badala ya kukubali haraka kwamba mkubwa wa mahali ndiye aichukue.

Ninayasoma matokeo haya kwa unyenyekevu, kwa kuwa yanamshusha mhadhiri cheo. Yanamwambia kwamba asihangaike sana na nafsi za watu, ambazo hana ufunguo wake, bali ashughulike na kile wanachodhaniana. Watu mia moja wakikaa pamoja na kusikia wenzao, hasa wale wanaoheshimika katika shughuli zao za kawaida, wakisema kwa sauti kwamba wao hupangisha bila kuuliza kabila, ile “inajulikana” inaanza kupwaya hata kama hakuna moyo hata mmoja uliotakasika usiku ule. Mwenye nyumba mmoja mwenye kusema hivyo kwa dakika tatu angekuwa na uzito kuliko wale watatu wa meza ya mbele kwa saa mbili. Kumwalika hakukutujia akilini. Tulialika wasomi.

Sasa kuhusu ile 1948, ambayo haikosekani katika mhadhara wowote. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba mwaka huo kwa kura 48, hakuna iliyopinga, na nchi 8 zikajizuia kupiga kura. Kusema kwamba “dunia nzima ilikubaliana” ni kurahisisha mambo kupita kiasi. Miongoni mwa waliojizuia ilikuwemo Afrika Kusini, ambako chama kilichouanzisha rasmi utawala wa apartheid kilikuwa kimeshinda uchaguzi miezi michache tu kabla. Na miongoni mwa waliopiga kura ya ndiyo zilikuwemo Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji, ambazo siku ile na kwa miaka mingi baadaye ziliwatawala mamilioni ya watu ambao hakuna aliyewauliza kuhusu hadhi yao. Silisemi hili ili kulidharau Tamko. Nalisema kwa sababu msikilizaji anayeijua historia hiyo, na wengi wanaijua, hufunga masikio anapoona tunairuka.

Kuna kisa kimoja cha Tamko hilo ambacho kinapendeza zaidi masikioni mwa msemaji wa Kiswahili. Rasimu ya Kiingereza ya ibara ya kwanza ilizungumzia “wanaume wote”, kwa mazoea ya lugha ile ya kumhesabu mwanamke ndani ya mwanamume, na ni Hansa Mehta wa India aliyesimamia mabadiliko ili isomeke “binadamu wote”. Katika Kiswahili mabishano hayo yasingezuka: “Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa.” Mtu ni mtu. Ningependa kuamini kwamba lugha isiyobagua katika nomino huwafanya wasemaji wake wasibague, lakini macho yangu yananikatalia.

Msichana wa safu ya nne, hata hivyo, hakuuliza kuhusu 1948. Aliuliza aende wapi. Na jibu lilikuwepo, tena katika hati zilezile ambazo sisi wa meza ya mbele huzibeba mikobani. Mkataba wa Kimataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 21 Desemba 1965, haukomei kwenye rangi ya ngozi; ibara yake ya kwanza inataja pia nasaba, na asili ya taifa au ya kabila. Ibara ya 5 inaorodhesha haki moja moja, na makazi yametajwa humo kwa jina. Ibara ya 6 inazitaka nchi zilizoridhia zimpe aliyebaguliwa ulinzi na nafuu ya kweli mbele ya mahakama au vyombo vingine, pamoja na haki ya kudai fidia. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya jibu ilikuwa kumweleza kwamba alichofanyiwa kina jina katika sheria ya kimataifa, na hatua ya pili kumweleza ni chombo gani cha nchini mwake kinachopokea malalamiko kama hayo, saa ngapi kinafunguliwa, na anatakiwa abebe nini.

Hatua ya tatu ndiyo ambayo ingemfurahisha zaidi, kwani alikuwa ameshaifanya bila kujua. Kule kumwomba rafiki apige simu namba ileile ni njia ya upimaji ambayo watetezi wa haki za wapangaji wameitumia kwa miongo mingi. Hutumwa watu wawili wanaolingana kwa kipato na kwa kila kitu isipokuwa kile kinachoshukiwa kuwa chanzo cha ubaguzi, kila mmoja anaandika saa aliyopiga, aliyezungumza naye na maneno aliyoambiwa, kisha maelezo yao yanalinganishwa. Nchini Marekani, ambako sheria ya kupinga ubaguzi katika makazi ilitiwa saini tarehe 11 Aprili 1968, juma moja baada ya Martin Luther King kuuawa, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1982 kwamba mpimaji aliyedanganywa kwa sababu ya rangi yake kwamba nyumba haipo ana haki ya kushtaki, hata kama tangu mwanzo hakuwa na nia ya kupanga. Kudanganywa kwenyewe ndiko kosa. Laiti mhadhiri angemwambia hivyo, msichana yule angetoka ukumbini akijua kwamba jioni ile hakuwa akijifariji na rafiki yake. Alikuwa akikusanya ushahidi.

Niongeze neno kuhusu neno. Tunapenda kuita mihadhara hii ya “uvumilivu”, na mimi neno hilo linanikera. Tunavumilia njaa, jua kali na maumivu ya jino. Anayeambiwa kwamba anavumiliwa ameshaambiwa, kwa adabu, kwamba yeye ni adha. Lugha nyingine hazina nafuu sana, kwani neno la Kilatini lililozaa istilahi za Kizungu nalo lilianza na maana ya kubeba mzigo. UNESCO ilipopitisha tamko lake kuhusu jambo hili, tarehe 16 Novemba 1995, ilijikuta ikilazimika kueleza kwamba uvumilivu inaoukusudia si kukubali kwa shingo upande wala si hisani ya aliye juu kwa aliye chini, bali ni kuheshimu na kuthamini. Neno linalohitaji kutanguliwa na kanusho la namna hiyo lina kasoro. Kiswahili kina “kustahiana”, lenye staha ndani yake, na kina “kuchukuliana”, ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Katika kuchukuliana mzigo upo, hakuna anayejidai haupo, ila kila mmoja ni mzigo kwa mwenzake na kila mmoja ni mchukuzi. Hakuna mwenye nyumba wa kudumu na mgeni wa kudumu.

Kuchukuliana kuna mpaka, na hapo ndipo maswali ya ukumbini huwa makali. Je, nasi tumvumilie asiyevumilia? Mwanafalsafa Karl Popper aliliandika fumbo hilo mwaka 1945, katika tanbihi, na tangu hapo limekuwa likinukuliwa nusunusu. Nusu inayopendwa ni ile isemayo kwamba jamii inayovumilia kila kitu, pamoja na wasiovumilia, itaishia kuangamizwa nao. Nusu inayoachwa ni ile ambamo Popper anasema kwamba maadamu maneno yao yanaweza kujibiwa kwa hoja na kudhibitiwa na maoni ya umma, kuyapiga marufuku si busara. Haki ya kuyazima anaibakiza kwa siku ambayo wanakataa mjadala na kujibu hoja kwa ngumi na bastola.

Sheria ya kimataifa nayo imejaribu kuchora mstari huo. Ibara ya 20 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inazitaka nchi zipige marufuku uenezaji wa chuki ya kitaifa, kirangi au kidini unaofikia kiwango cha kuchochea ubaguzi, uhasama au vurugu. Ili serikali zisiigeuze ibara hiyo kuwa fimbo ya kuwapigia wakosoaji wao, wataalamu waliokutana Rabat, Moroko, mwaka 2012 walipendekeza mambo sita ya kupimia: mazingira ya wakati husika, nafasi ya msemaji, nia yake, maudhui na namna alivyoyasema, upana wa kusambaa kwa maneno hayo, na uwezekano wa madhara kutokea kweli. Vipimo hivi vina faida kubwa kwa mtu wa kawaida kuliko kurasa nyingi za falsafa. Tusi lililotamkwa na mlevi anayerudi kwake usiku ni tusi. Linachukiza na linapita. Tusi lilelile likisomwa redioni na mtu mwenye mamlaka, wiki ambayo majina na maficho ya watu yanatangazwa, ni kitu kingine kabisa, ingawa herufi zake hazikubadilika hata moja. Mhadhara ungeweza kuchukua kauli moja na kuipitisha kwenye vipimo vyote sita mbele ya wasikilizaji, wabishane, wakosee, wairudie. Nimewahi kujaribu mara moja, na sijawahi kuona ukumbi ukiwa macho namna ile.

Kuna wakati ambapo mhadhara wenyewe ulikuwa jambo la hatari, na ni vyema wahadhiri wa leo, ambao hatari yetu kubwa ni umeme kukatika, tukaukumbuka. Tarehe 3 Desemba 1860 Frederick Douglass, mtu aliyezaliwa utumwani na kujikomboa kwa kutoroka, alikuwa miongoni mwa wasemaji wa mkutano wa kupinga utumwa katika ukumbi wa Tremont Temple, Boston, Marekani. Genge lililouvamia na kuuvunja mkutano halikuwa la wahuni. Walikuwemo wafanyabiashara wenye heshima zao, waungwana kwa sura na mavazi. (Neno letu hilo nalo, tukumbuke, lilianza kwa kumtofautisha mtu huru na mtumwa.) Siku sita baadaye Douglass alisimama katika ukumbi mwingine wa jiji hilohilo akasema kwamba kuuzima uhuru wa kusema ni kosa maradufu, kwani kunavunja haki za msikilizaji sawasawa na za msemaji.

Kauli hiyo hunukuliwa kila inapotetewa haki ya kusema. Mimi inanivuta upande wake wa pili. Ikiwa msikilizaji ana haki katika mhadhara, basi mtu anaweza kumdhulumu haki hiyo hata bila kuuvunja mkutano: kwa kumlisha maneno matupu, kwa kumjibu swali ambalo hakuliuliza, kwa kumnyima jirani yake nafasi ya kusikika. Zile dakika tano za “swali zuri sana” zilikuwa dhuluma ndogo, yenye makofi.

Dhuluma nyingine ni ya orodha ya wasemaji. Asiyekuwepo na lake halipo, na ni ajabu ni mara ngapi watu wanaobaguliwa huzungumziwa kwa saa nzima na wasemaji ambao hawajawahi kubaguliwa kwa lolote. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana kwa makundi hupunguza chuki hasa pale wanaokutana wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi wanayoifanya kwa ushirikiano, na baraka za wenye mamlaka. Na Thomas Pettigrew na Linda Tropp walipokusanya tafiti 515 mwaka 2006 walikuta kwamba kwa ujumla kukutana kunasaidia kweli, masharti hayo yakiongeza nguvu yake. Mhadhara hauna hata moja kati ya matatu ya kwanza. Mmoja yuko juu, wengi wako chini, na kazi ya pamoja ni kukaa kimya.

Kinyume chake ni mazungumzo ya mtu na mtu. Mwaka 2016 David Broockman na Joshua Kalla walichapisha matokeo ya jaribio la Miami, Marekani, ambako watu 56 waliojitolea walibisha hodi kwa wapigakura 501 na kuzungumza nao kwa takriban dakika kumi kuhusu watu waliobadili jinsia. Hawakuwahutubia. Waliwaomba wakumbuke siku ambayo wao wenyewe walihukumiwa kwa kuwa tofauti, kisha wakasikiliza. Chuki ilipungua, na upungufu huo ulikuwa bado unapimika miezi mitatu baadaye. Watafiti haohao ndio waliogundua kwamba utafiti wa awali wenye madai yanayofanana ulikuwa na takwimu za kughushi, ukafutwa mwaka 2015, jambo linalonifanya niwaamini kidogo zaidi. Ama mafunzo ya lazima ya kupinga ubaguzi, yale ambayo waajiri huwakusanyia wafanyakazi wote na kuwapigia mahudhurio, Frank Dobbin na Alexandra Kalev wameonyesha kwa data za makampuni ya Marekani kwamba mara nyingi hayaongezi kitu na pengine huharibu. Mtu mzima akilazimishwa kupenda hukasirika, na hilo halikuhitaji utafiti.

Ningepewa kuuandaa upya mhadhara wa siku ile, ningempa mhadhiri nusu saa. Ningemweka jukwaani msichana wa safu ya nne, kama angekubali, na kando yake mtu anayepokea malalamiko ya ubaguzi kwa kazi yake ya kila siku, mwenye fomu mkononi, na mwenye nyumba mmoja anayepangisha bila kuuliza majina. Kisha ningeomba viti vipangwe kwa duara, si kwa sababu duara lina muujiza, ila kwa kuwa kwenye duara dalali na msichana wangekaa wakitazamana, na dalali angelazimika kulisema lile neno lake mbele ya mtu linayemhusu.

Dalali huyo nilikutana naye tena miezi kadhaa baadaye. Nilimkumbusha mazungumzo yetu nikamwuliza kama amewahi kumwuliza mwenye nyumba hata mmoja iwapo kweli hawataki. Alicheka, akasema alimwuliza mmoja, mama mwenye nyumba ya vyumba sita. Yule mama alishangaa. Alimwambia kwamba miaka yote hiyo yeye alidhani watu wa kwao hawapendi kupanga mtaa ule, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kuletwa.